Usiku wa basi na bibi: kutoka Unguja mpaka Shimoni

Nimerudi Unguja wiki iliyopita na ndo kwanza mgongo umetulia. Walioona zile picha nilizowatumia wameniuliza sana imekuaje nikampakia mtu wa miaka 78 kwenye basi la usiku kwenda Kenya, kwa hiyo naandika yote hapa kwa kufata nilivyoandika kwenye simu na saa zilizo kwenye picha, mana usiku ule nilikuwa napiga picha kila kitu ili nisilale.

Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Wete, Pemba. Ana mdogo wake aliolewa na mvuvi wakahamia Shimoni, kule Kwale, na mara ya mwisho kuonana ilikuwa 1989. Kwa ambao hawajui, Wapemba wa Kwale na Kilifi wamekaa Kenya miaka na miaka bila kitambulisho cha nchi yoyote mpaka 2023 serikali ya kule ilipowatambua kuwa raia, na mtu asiye na kitambulisho hapati pasipoti wala hawezi kupita mpakani kwa salama, ndo ikawa simu tu na salamu za wavuvi. Bibi mdogo sasa kitambulisho anacho lakini macho yameshaondoka. Bibi aliposikia hivo alisema maneno machache tu, "Basi kama yeye hawezi kuja, mie n'takwenda." Hatukuweza tena kumgeuza.

Kabla ya safari

Karatasi zilichukua muda kuliko safari yenyewe. Kwa anaetaka kwenda, Mtanzania haendi Kenya kwa kitambulisho cha Mzanzibari wala cha taifa cha NIDA, unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Mimi pasipoti ninayo, bibi tulimchukulia hati ya dharura mana hana safari nyengine ya nje. Kadi ya homa ya manjano pia uwe nayo. Bibi kwa umri wake daktari hakutaka kumchoma akampa barua ya kusamehewa, na ile barua ilituokoa mpakani, kwa hiyo mwenye mzee asiiache nyumbani.

Bibi alikuja Unguja kwa meli ya asubuhi kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, wiki moja kabla, apumzike.

Jumatano: Unguja mpaka Dar

Asubuhi nafunga mizigo nikaona pindo la kanga yake limefungwa fundo kubwa. Nikafungua, karafuu, kama ngumi mbili. Alitaka kumpelekea mdogo wake za kutia kwenye chai. Nikamwambia bibi hizi hatuvuki nazo, karafuu anaenunua ni shirika la serikali tu na ukikamatwa unazitoa nje ni kesi ya magendo, hawatoangalia kuwa ni za chai. Alininyamazia kama dakika tano. Mwisho tukapatana, tukachukua kichupa cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kilichonunuliwa dukani na kina risiti, pamoja na halua kilo mbili. Kile kichupa mutakisikia tena mbele.

Boti ya mchana kutoka Malindi, bandarini hapa Unguja, haina la kuhadithia. Kusi lilikuwa linavuma, watu wawili watatu wametapika, bibi kakaa anavuta tasbihi yake kama yuko barazani kwake. Dar tulilala Magomeni kwa shangazi. Nashukuru tulifanya hivo, mana kuunganisha boti na basi siku moja na mtu mzima ningemuua.

Alhamisi: usiku wenyewe

Tiketi nilikata kwa simu, elfu arubaini na tano kila mmoja, nauli ni ya mpaka Mombasa hata kama unashuka njiani. Niliomba viti vya mbele, nikaambiwa vipo, tulipofika pale Shekilango saa moja na nusu usiku vya mbele vimeshauzwa kwa watu wengine na sisi tumewekwa mstari wa nne kutoka nyuma, juu ya tairi. Nilibishana mpaka nikachoka. Jina la kampuni sitolitaja, ila nasema hivi, nenda ofisini mchana ukaone tiketi yako imeandikwa namba gani, usitegemee maneno ya kwenye simu.

Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena kutembea tokea 2023, na mimi niliona ndo bora, kwamba bibi atalala na akiamka tumefika. Basi saa tatu na dakika arubaini ndo tunaondoka, masaa mawili tumekaa ndani injini imezimwa na joto, kila anaepanda anapita na gunia juu ya vichwa vyetu. Konda akataka elfu kumi ya mzigo wetu, begi moja na kipolo kimoja, nikatoa tano.

Kiti cha bibi hakilali nyuma. Kioo cha dirisha lake hakifungi mpaka mwisho, kimebaki na uwazi wa vidole vitatu, wamekaza kwa karatasi ya boksi iliyokunjwa. Na mlango wa nyuma una kitu kinagonga, ka ka ka ka, kila tukikanyaga tuta.

Lakini kilichomuumiza kuliko vyote ni kitu ambacho mimi wala sikukifikiria. Bibi ni mfupi. Viti vya mabasi haya viko juu, na hivi vya juu ya tairi ndo zaidi, miguu yake haikufika chini. Ikawa inaning'inia. Hakusema kitu. Tulipopita Kibaha nilimuona anashika magoti, nikawasha tochi ya simu nikamvua kiatu, vile viatu vya plastiki vyenye matundu, nikakuta alama za matundu zote zimeandikika juu ya mguu, duara duara, na baina yake nyama imetuna. Nikibonyeza kidole kinabakisha shimo. Niliogopa, wallahi. Nikaanza kutia miguu yake juu ya mapaja yangu, lakini ukikaa hivo kiti kizima kinapinda na yeye mgongo unamuuma.

Upande wa pili wa njia alikuwepo mama mmoja wa Kidigo wa kule Msambweni, Kwale, alikuja Dar kununua bidhaa. Aliona ile tochi. Hakuuliza kitu, alivuta ndoo yake kutoka chini ya kiti, ile ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko, kumbe ndani ameshindilia nguo za kwenda kuuza, akaisukuma mpaka chini ya miguu ya bibi, akavua leso yake moja, yaani kanga, akaikunja mara nne akaiweka juu ya mfuniko. "Weka hapa nyanya." Kwa Kenya nyanya ni bibi. Ile ndoo ilikaa pale mpaka asubuhi, yeye mwenyewe magunia mengine kapakata.

Bibi akatoa kichupa cha makonyo tukampaka miguu, nyuma kote kukanukia karafuu. Kuna kijana mbele yetu akageuka akaomba tone moja, jino lilikuwa linamsumbua. Bibi akamtilia kwenye pamba na akamwambia aling'ate asilimeze. Baada ya hapo ukawa kama mtaa, mmoja kaomba la kichwa, mmoja kaomba la kunusa tu.

Chalinze, kama saa sita usiku

Basi lilisimama dakika kumi na tano. Hapa ndo nikajua safari hii mwanamme peke yake na bibi yake hatoiweza. Anataka kwenda chooni, na choo cha wanawake mimi siingii. Nje kiza, chini maji, hatujui ngazi iko wapi. Nilisimama pale nimemshika mkono na sijui nifanye nini, yule mama wa Kidigo akaja na mwanamke mwengine, msichana tu, mwanafunzi wa chuo, wakamchukua mmoja kulia mmoja kushoto. Mimi nikalipa mia tano za choo nikabaki nimeshika pochi yake. Wamekaa ndani mpaka dereva anapiga honi, nikaenda kusimama mbele ya gari, nikasema nna mzee ndani. Dereva akazima taa kubwa akasubiri. Na huyu dereva namshukuru, mambo ya ofisi yake si yake.

Ushauri: ukisafiri na bibi au mama yako na wewe ni mwanamme, kabla gari haijaondoka mtafute mwanamke wa kukaa nae karibu umuombe kabisa. Na chupa ya maji ya kutawadhia muwe nayo, vyoo vya njiani mara nyingi maji hayapo usiku. Chakula sisi tulikuwa nacho, mkate wa mofa na samaki wa kukaanga wa shangazi, tukala na yule mama, na yeye akatupa mahamri.

Kutoka Chalinze kwenda Segera sina cha kuandika, baridi tu. Karatasi ya dirishani ilianguka na upepo ukaingia, nikaziba kwa shuka na mkono wangu mpaka ukafa ganzi.

Baina ya Segera na Muheza, saa tisa usiku

Harufu ya mpira kuungua, kishindo kidogo, taa ya joto, basi likaegeshwa pembeni. Mkanda wa feni umekatika. Mkanda wa akiba haupo. Gari ya njia ya kimataifa, usiku, na mkanda wa akiba haupo! Konda akapanda bodaboda kwenda kutafuta Muheza.

Tukashuka. Kulikuwa na nyumba chache kando ya barabara na banda la machungwa limefunikwa turubai, mlinzi wake kajifunika blanketi. Alipomuona bibi aliinuka kwenye kibao chake akasema kaa hapa mama, akamsogezea na jiko lake la mkaa. Yeye akasimama.

Bibi akanivuta shati akaninong'oneza kuwa anataka tena kwenda haja. Na hapa hakuna choo cha kulipia, kuna kichaka tu na kiza, na bibi yangu ni mtu ambae hata nyumbani anataka maji ya moto na mlango wenye komeo. Nilimwambia yule mama wa Kidigo kwa aibu. Akamuangalia bibi, akaangalia zile nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya pili na kugonga. Saa tisa na nusu za usiku! "Hodi, jamani, tuna mzee." Mimi nikasema sasa tutatolewa mbwa. Kimya. Akagonga tena. Taa ikawaka, mwanamke akafungua nusu ya mlango, kajitanda kanga kichwani, mtoto kambeba. Wakaongea kidogo sikusikia. Kisha akafungua mlango wote.

Bibi alikaa kwenye nyumba ile zaidi ya saa. Walimuonesha choo, yule mwenye nyumba akachemsha maji kwenye kuni, akamkanda miguu kwa maji ya chumvi, akamlaza kwenye kitanda alichotoka yeye. Mimi nilikuwa nje naambiwa hayo na yule msichana wa chuo alieingia nae. Nilimpelekea mwenye nyumba elfu kumi, akakataa, nikampa mtoto akairudisha kutoka mkononi mwa mtoto. Alipokea kipande cha halua tu, na hicho bibi ndo alimpa kwa mkono wake. Jina lake tulimuuliza, bibi analitaja kwenye dua zake kila siku, ila hapa siliandiki.

Konda akarudi saa kumi na moja kasoro na mkanda. Wanavyofunga sisi wanaume tukasali alfajiri pale kando, mlinzi ndo katupa mkeka. Machungwa kumi kwa elfu mbili nikanunua kwake, nilikuwa nataka kununua banda zima.

Ijumaa: Tanga, Horohoro, Lunga Lunga

Tanga tuliipita watu wanakwenda makazini, sikuona kitu, nililala kama dakika arubaini na hizo ndo usingizi wangu wote.

Mpakani, Horohoro upande wetu na Lunga Lunga upande wa Kenya, tulifika saa moja na nusu asubuhi badala ya saa kumi alfajiri. Siku hizi kumerahisika, kituo ni kimoja, ukitoka Tanzania unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja upande wa Lunga Lunga, hakuna tena kushuka mara mbili. Lakini foleni ya mabasi matatu kwa pamoja. Askari mmoja wa Kenya alimuona bibi anaegemea ukuta akamletea kiti chake mwenyewe kutoka ndani.

Afisa akachukua karatasi zetu akaniuliza, unasafiri na nani, nikamwambia na bibi yangu. Akaninyanyulia macho. Kwa Kenya bibi ni mke, mimi nilisahau kabisa. Akauliza tena, "Huyu ni bibi yako?" Bibi kabla sijajibu kadakia, "Ndiye mume wangu huyu, ndo ananipeleka kwetu," utani wake wa siku zote wa bibi na mjukuu, yule afisa akacheka mpaka akavua miwani. Muhuri tukagongewa. Barua ya daktari waliisoma yote.

Pesa nilibadilisha pale, laki moja nikapata shilingi 4,700 za Kenya. Hesabu mwenyewe kwenye simu kabla hujampa mtu pesa yako, na ubadilishe kidogo tu ya kukufikisha. Chai ya maziwa na chapati mbili shilingi 60.

Sisi hatukufika Mombasa. Ukienda Shimoni unashuka njia panda ya Kanana, kabla ya Ramisi. Mwambie konda mapema na umkumbushe, wetu alitaka kupitiliza, gari zima likapiga kelele "Nyanya ashuke!" Yule mama wa Kidigo akashuka nae mpaka chini, akamfunga leso ile ile mabegani. Bibi akataka kumrudishia, akasema, "Kaa nayo, ukifika Pemba uniombee." Wameshikana mikono pale kando ya barabara na basi linanguruma. Namba yake ninayo na tunaandikiana.

Kutoka Kanana tuktuk ya peke yetu ilikuwa shilingi 500, matatu ni rahisi zaidi ila inajaza kwanza. Barabara lami, kama kilomita kumi na nne. Bibi alikaa kimya njia nzima, anaangalia minazi.

Bibi mdogo alikuwa kawekwa kiti mlangoni tokea asubuhi. Haoni, lakini alisikia tuktuk imezima, akasema "Kaja?" Bibi hakujibu, alikwenda akakaa chini kwenye mkeka miguuni kwake, na yule akaanza kumpapasa, kichwa, masikio, mabega, akafika kwenye leso akainusa, akasema, "Mbona wanukia makonyo." Hapo wote wawili ndo walipolia. Mimi nikatoka nje nikaenda ufukweni, mbele yangu kisiwa cha Wasini, nikakaa kwenye ngalawa nikalala mpaka adhana ya Ijumaa.

Jumamosi mpaka Jumatatu

Haya ni yao, sitoyaandika. Walizungumza usiku kucha, Kipemba kitupu, maneno mengine mimi nimezaliwa Unguja siyajui. Sisi tulikula samaki kila siku.

Bibi alinishika nimrudishe kwa jahazi. Anasema zamani wakitoka Wete wakati wa magharibi, asubuhi wapo Shimoni, na ni kweli ukitazama ramani ni kuvuka mkondo tu wa bahari wakati sisi tumezunguka Unguja, Dar, Tanga. Vyombo vipo, wavuvi wanatwambia. Lakini kusi limechafuka na hati yake imegongwa muhuri Lunga Lunga, nikakataa. Alinuna nusu siku.

Jumanne na Jumatano: kurudi

Mara hii nilikata safari vipande. Matatu kutoka Kanana hadi Lunga Lunga, tukapita mpakani kwa miguu, pole pole, hakuna gari inayotupigia honi. Upande wa pili hiace mpaka Tanga, dada mmoja akampisha bibi kiti cha mbele karibu na dereva. Tukalala gesti karibu na stendi, elfu ishirini na tano, maji yapo. Asubuhi basi la Dar, mchana mtupu. Nauli ilizidi kidogo kuliko kwenda moja kwa moja, lakini miguu ya bibi haikuvimba. Nilimnunulia kigoda kidogo cha mbao Tanga, elfu nne, akawa anawekea miguu. Kwa anaetokea Pemba, ulizia kwanza Mkoani kama kuna meli ya Tanga wiki hiyo, itakupunguzia mzunguko mkubwa.

Baina ya Muheza na Segera nilikaa dirishani kuitafuta ile nyumba. Mchana zote zinafanana. Banda la machungwa nililiona, mlinzi wa usiku hayupo, kuna mtoto anauza. Nilimuomba konda asimame dakika mbili, akakubali, nikampa yule mtoto mfuko wenye leso mbili za Mombasa na sabuni, nikamuelekeza nyumba ya pili, ya mama mwenye mtoto mchanga. Akaniambia, "Ni mamangu."

Bibi sasa yuko Wete. Kigoda kile kakiweka barazani.